Profesa Asiyedanganya

Msiba ukitokea Maore, kabla hata hatujauliza mazishi ni lini, tulikuwa tunaulizana: Profesa ameshafika? Maana akifika, mambo yanaharibika. Ile kazi ya msibani tunayoijua sote, kumsifu marehemu, kufunika ya kufunikwa, kusema Mungu amempenda zaidi, yeye hakuwa nayo. Alikaa mkekani na wanawake wenzake, kitenge kiunoni kama sisi, akapokea chai kama sisi. Halafu mtu akisema marehemu ameondolewa na presha, yeye bila kupandisha sauti anasema, "Ini. Miaka yote ile ya dengelua, mlitegemea nini?" Dengelua ni pombe yetu ya miwa, na marehemu kweli alikuwa anainywa kuliko maji. Lakini mjane yuko pale pale, kajifunika khanga, anasikia kila neno.

Kule kijiji cha Bendera nusura wampige. Alikufa mzee mmoja wa kanisa, na ndugu zake walikuwa wameshakubaliana kwamba amerogwa, hata jina la jirani aliyemroga lilishaanza kupita kwa kunong'onezana. Profesa akauliza vidonge vyake vya kisukari viko wapi. Akasema, "Aliviacha akafuata chupa za maji ya upako. Hakuna aliyemroga, mwacheni jirani wa watu." Vijana wa ile familia wakasimama. Yeye akamaliza chai yake kwanza, akakipangusa kikombe kwa ncha ya kitenge, akakiweka chini, ndipo akaondoka. Yule jirani wa watu aliokoka siku ile, hilo nalisema kwa sababu ni kweli, ila hata yeye hakuwahi kumshukuru.

Mimi nilikuwa jirani yake. Kati ya ua wangu na wake kulikuwa na minyaa tu, na minyaa haizuii sauti. Nauza pembejeo hapa Maore, mbegu za mpunga, mbolea, dawa za wadudu, na dukani kwangu hakuna siku iliyopita mtu hajanilalamikia kuhusu yeye, eti mimi jirani ndiye nimpelekee ujumbe. Nimpelekee mimi? Nilikuwa na yangu ya kutosha.

Alikuja kuishi kwetu baada ya kustaafu. Alikuwa amefanya kazi maabara za Dar na za Ulaya zaidi ya nusu ya maisha yake, na watu walitegemea ajenge kwao juu, Gonja, kwenye baridi na migomba, si huku bondeni kwenye joto na mbu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kule juu watu wanaongea polepole mno, mtu anaanza kukudanganya asubuhi mpaka saa sita hajamaliza.

Kumsalimu ilikuwa adhabu. Sisi tumelelewa kwamba ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua. Yeye unamwamkia, "Shikamoo Profesa," anajibu, "Marahaba," halafu anakukagua. Hujambo? Sijambo. "Unadanganya. Macho yako ya njano." Mama mmoja wa kwaya alikuwa anazunguka njia ya nyuma ya mashine ya kukoboa ili asikutane naye, kwa sababu alishaambiwa mbele ya wateja wake wa nyanya kwamba ule uvimbe wa shingoni si wa kuombewa, ni wa kukatwa. Ukimwambia, Profesa, watu wanaumia, anakwambia, "Nimewaambia wasiumie? Mimi nimesema kilichopo." Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake. Kilichopo. Ukianza kumweleza jambo kwa kuzunguka, anakukata: nipe kilichopo, maneno baki nayo.

Na huyo huyo, Jumapili yuko kanisani, benchi la pili, anaimba sauti ya pili bila kitabu. Mchungaji akianza mahubiri anafumba macho, si kwa kusali, analala. Nyimbo zikirudi anaamka. Huyo huyo hakuweza kumchinja kuku. Mtu aliyekuwa akitoa damu ngamia, aliyezika panya wa maabara wasiohesabika, alikuwa ananiita mimi kupitia kwenye minyaa nikamchinjie, na yeye anaingia ndani anafunga mlango mpaka nimwambie kuku ametulia. Nilimcheka sana kwa hilo. Hakukasirika. Alisema kuku anamfahamu.

Hao ngamia, ambao kutokana na damu yao alitengeneza dawa ya kansa, ndio waliompa jina baya. Vijana walisema amejichoma damu ya ngamia ndiyo maana hana huruma, anakaa na kiu moyoni. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa barabarani, mtu mstaarabu, alimuuliza kwa adabu kama dawa hiyo ya ngamia ni halali. Akamjibu kwamba ngamia alitoa damu kidogo tu mara ya kwanza, akaenda zake kula miiba, na tangu hapo vile vipande vya dawa vilivyopatikana kwenye damu hiyo vinaoteshwa kwenye chachu ndani ya mapipa. Ngamia mwenyewe hata hajui kama ana kazi mjini. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini.

Watu wa Mamba, kule mlimani wanakolima tangawizi, walikuwa wakishuka na kapu kumletea, wanamwambia, Profesa, hii yetu inatibu kansa, ipime. Anaipokea, anaitia kwenye chai, kesho yake anawapigia simu: "Chai imekuwa tamu. Kansa haijasikia kitu."

Kazi yake yenyewe nilikuja kuielewa kwa sababu ya mume wangu, Baba Nakijwa. Na hapo ndipo linapoanza lile ninalotaka kulisema, mengine yote ni ya kukufanya umwone tu.

Mume wangu alikuwa mgawa maji wa mfereji wetu. Leo maji kwa fulani, kesho kwa fulani, na ukifungulia zamu isiyo yako yeye ndiye wa kukufungia. Kazi ya kusimama kwenye maji tangu utoto. Wavulana wa huku kwenye mpunga wanakojoa damu wakiwa wadogo, na hakuna anayeshtuka. Ni kichocho. Wengine wanaona ndiyo kukua kwenyewe, wanasimama ukingoni mwa jaruba wanaoneshana. Wanapewa vidonge shuleni, inapita, wanarudi mferejini, inarudi. Basi mume wangu alipoanza kukojoa damu akiwa na mvi kichwani, aliwatania rafiki zake kwamba ujana umemrudia. Walikuwa wamekaa uani kwetu wanacheka.

Profesa akaja akazungukia getini, hakupiga hata hodi. Akamwambia mume wangu mbele ya wanaume wenzake kwamba mtu mzima hakojoi damu ya utotoni, na kwamba kesho aende Moshi akaangaliwe kibofu. Mume wangu akasema Profesa, tuna zamu za maji wiki hii. Akasema, "Maji yatagawiwa na mwingine, uwe umekufa au uwe mzima." Wale wanaume wakaangalia chini. Nilitamani kumrushia sufuria. Lakini tulikwenda Moshi, na ilikuwa kansa ya kibofu, na ilikuwa imeshatoboa kibofu ikatoka nje.

Wakati ule, namshukuru, alikaa na mume wangu jioni nyingi akimweleza. Alimweleza kwa mambo ya maji. Mlimani tuna ndiva, yale mabwawa madogo ya wazee yanayojaa usiku kutoka kwenye kijito, halafu asubuhi kizibo kinatolewa maji yanateremka mashambani. Profesa akasema: mwilini mwako una askari, wanajua kabisa kumwua adui. Ila hii kansa yako ina kimeng'enya kwenye ngozi yake, kama tundu la ndiva, na kinachotoka tunduni ni kitu cha kuwalaza askari. Wanafika pale wanasinzia. Sasa kingamwili ya kawaida, ile silaha ya askari, ni kama mgomba mzima, haiingii tunduni. Ngamia ana za kwake nyembamba, na sisi tunachukua ncha yake peke yake, tunaichonga mpaka inakaa sawasawa kwenye lile tundu. Kimeng'enya kinazibwa, askari wanaamka.

Mume wangu akauliza, kwa hiyo hicho kizibo ndicho kinachoua kansa? Profesa akasema hapana, kizibo hakiui chochote. Wanaoua ni askari wako mwenyewe. Wakiwa wamelala kwa sababu nyingine, kizibo ni bure. Alilisema hilo wazi, sote tuliokuwepo tulilisikia, na wifi yangu hakuwepo.

Dar kulikuwa na jaribio la hiyo dawa, linasimamiwa na daktari aliyekuwa mwanafunzi wa Profesa. Nafasi zilikuwa chache. Profesa alimpigia, wakaongea muda mrefu kwa Kiingereza, akaja akasema Baba Nakijwa amepata nafasi, wataanza baada ya mavuno. Nilimkumbatia. Yeye akasimama mikono chini, kama mtu anayesubiri mvua ipite, akasema, "Sijasema atapona. Nimesema amepata nafasi." Lakini mimi nilishapona moyoni. Niliimba siku ile dukani, wateja wakaniuliza nimeshinda nini.

Baadaye Profesa akaenda Dar kutibiwa macho, akakaa huko. Na huku mume wangu akaendelea kukonda. Wifi yangu, dada yake mkubwa anayeishi Same mjini, alipokuja kumwona alilia. Kwetu mgonjwa akikonda si aibu yake, ni aibu ya ndugu zake. Watu watasema hana wenyewe. Wifi akasema hawezi kumpeleka kaka yake Dar mbele ya madaktari wageni akiwa mifupa mitupu, na tena mjini wanasema kwenye haya majaribio wanachagua wenye nguvu, dhaifu wanarudishwa. Wiki iliyofuata akarudi na vidonge vya kunenepesha. Vinauzwa pale stendi, vinafungwa kwenye karatasi, wanawake wanavinunua kabla ya harusi ili wapate mashavu. Akawa anamletea kila mara, kwa upendo wote, siwezi kumnyima hilo.

Na vikafanya kazi jamani. Baba Nakijwa akaanza kula. Akaomba makande usiku, akaomba tena asubuhi. Mashavu yakajaa, akawa anacheka, akatembea mpaka kwenye mfereji kuwakagua vijana wake wa maji. Kwaya ikaja kutoa shukrani uani kwetu, wakaimba mpaka vumbi likatimka. Mimi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Maore.

Profesa akarudi kutoka Dar, jicho moja bado lina bandeji. Akaingia kumsalimia. Mume wangu alikuwa amekaa barazani, akatabasamu, akasema, "Profesa, umeniona?" Yeye akamwinamia, akamshika kidevu, akageuza uso wake huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Akabonyeza shavu kwa kidole. Akageuka kwangu.

"Nani anampa steroidi?"

Sikujua steroidi ni nini. Nikamletea ile karatasi ya vidonge. Alivitazama kwa jicho lake moja, hakuhitaji hata kuambiwa jina. Akasema hivi ndivyo vinavyolaza askari. Vinawalaza wote, mwili mzima. Akauliza ameanza lini, nikamwambia. Akasema visikatizwe ghafla, vitamwua kwa njia nyingine, vipunguzwe kidogo kidogo, na mpaka viishe mwilini nafasi za jaribio zitakuwa zimeshafungwa. Aliyasema hayo yote mbele ya mgonjwa, kwa sauti ile ile anayosemea bei ya nyanya.

Nikamvuta pembeni, nikapiga magoti. Mimi, hapa hapa uani kwangu, kwenye zege, mchana, watu wanapita barabarani. Nikamwambia, "Profesa, nakuomba. Usiseme. Tutavipunguza, tutaacha, aende Dar, wewe nyamaza tu. Hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Nyamaza mara moja tu katika maisha yako."

Akaniambia niinuke, sikuinuka. Akasema basi nisikilize nikiwa hapo hapo chini. Akasema mume wangu akichomwa ile sindano huku vidonge vimo mwilini, tundu litazibwa vizuri kabisa na askari hawataamka. Watu wa Dar wataandika dawa imeshindwa. Wagonjwa wenyewe ni wachache, mmoja akishindwa ni mzigo mkubwa. Dawa inaweza kutupwa kwa sababu ya uongo wangu, na walio nyuma yake wote waikose.

Nikamwambia hao wa nyuma siwajui. Mume wangu ni mmoja.

"Wote ni mmoja mmoja," akasema.

Akatoa simu, akampigia mwanafunzi wake, na kwa vile jicho lilikuwa bovu akaweka spika. Au aliweka ili tusikie, sijui. Akasema, yule mgonjwa wangu wa Maore ametumia steroidi, mtoe. Yule daktari, namkumbuka kwa wema, akasema taratibu, "Profesa, tunaweza kuangalia tarehe. Kama ni kidogo tu, na kama haikuandikwa popote…" Mtu wa Dar, yeye hatujui, sisi hatumjui, alikuwa anatufungulia mlango. Profesa akamkata. "Sikukufundisha hivyo. Mtoe leo, nafasi apewe anayefuata." Akakata simu.

Mume wangu pale barazani alikuwa amesikia vyote. Alikaa, mikono kwenye magoti, na yale mashavu yake. Halafu akaniita, akasema Mama Nakijwa, hujamkaribisha Profesa chai. Hilo ndilo alilosema. Nikaingia jikoni, nikaipika ile chai, nikamletea, na yule mwanamke akainywa yote.

Nilimchukia. Sitafuti neno la adabu, nilimchukia kwa kila nilichonacho. Na angeniacha nimchukie kwa amani ingekuwa afadhali, lakini kila asubuhi tangu siku ile alikuja kwetu. Hakuitwa. Vidonge vilipopungua mume wangu alianguka haraka, mashavu yakaondoka, maumivu yakaja, na Profesa ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani, anamsafisha, anambadilishia shuka, mikono yake ile ya maabara isiyotetemeka. Alikwenda mwenyewe mpaka Moshi kumfuatia dawa ya maumivu, ile kali. Mume wangu alimpenda. Alikuwa akiniambia nimwite, mimi mikono yangu inamwumiza. Unaelewa hilo? Aliyemfungia mlango ndiye aliyekuwa na mikono laini, na mimi niliyepiga magoti kwa ajili yake namwumiza. Alimuuliza siku moja kama amebakiza muda, mimi niko mlangoni, nikamkonyeza Profesa kwa macho yangu yote. Akamwambia, "Hutaona mpunga ukipandwa." Akamshika mkono. Mume wangu akasema ahsante. Na hakuuona.

Msibani, nilijua hatanyamaza. Nilishamwambia mchungaji azungumze na Profesa, na mchungaji alimwogopa kuliko shetani. Watu walipojaa, wanaume wa mfereji wote wapo, ndugu wa Same, wa Kihurio, wa juu, mmoja wa wazee akasema ndugu yetu alisumbuliwa na tumbo. Profesa akasimama. Hakukaa mkekani siku ile, alisimama kabisa katikati ya turubai. Akasema haikuwa tumbo, ilikuwa kibofu, na alianza kukojoa damu na nyinyi wanaume mliokaa hapa mlicheka naye. Akasema wangapi kati yenu mnakojoa damu sasa hivi? Inueni mkono. Hakuna aliyeinua. Akasema haya, endeleeni kucheka.

Angeishia hapo ningemsamehe kidogo. Lakini akaendelea. Akasema dawa ilikuwepo, nafasi ilikuwepo, iliyomtoa ni vidonge vya stendi vya kunenepesha, na aliyempa yupo hapa. Hakumtaja jina. Hakuhitaji. Wifi yangu alikuwa amekaa karibu na jeneza la kaka yake, na watu mia wakageuza shingo kwa pamoja. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu, akaanguka, wakambeba. Wifi hajakanyaga Maore tangu siku hiyo. Hapokei simu yangu. Niliwapoteza mume na wifi katika mwaka mmoja, na huyo wifi ndiye aliyenilea mimi kama mdogo wake tangu naolewa.

Wiki hiyo hiyo, wanaume wa mfereji walipanga foleni zahanati. Walikwenda kimyakimya, mmoja mmoja, wakijifanya wanafuata dawa ya malaria. Wawili walipelekwa Moshi mapema, wako hai, wanapita dukani kwangu wananunua mbolea. Nawahudumia vizuri. Huwa nawaangalia wakienda na mfuko begani, najua Profesa ndiye aliyewabakiza, na moyo wangu haulainiki hata kidogo. Na yule aliyepewa nafasi ya mume wangu Dar, sijui kama yuko mzima. Jaribio linaendelea. Siulizi.

Baada ya hapo tulikuwa majirani wa shikamoo na marahaba. Hakuniomba radhi, sikumdai. Kuku zake alianza kuwaacha wazeeke.

Masika ya mwaka jana akaugua. Mpwa wake alikuja kutoka Dar akampeleka hospitali Same, na kwa kuwa mimi ni jirani, nikapika uji nikaenda. Ndivyo ilivyo, ungeniona mtu gani nisipokwenda? Alikuwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Amekwisha. Na macho yake yalikuwa njano, njano ya kukolea, yale macho aliyokuwa akiwasomea wengine barabarani.

Daktari alipokuja hakuzungumza naye. Alimwita mpwa wake koridoni, na mpwa akaniomba nisimame naye, hakutaka kusikia peke yake. Huo ndio utaratibu wetu, ndugu ndio huambiwa, mgonjwa hupewa moyo. Daktari akasema ni kansa ya kongosho, imeshasambaa, hakuna la kukata wala la kuchoma. Ni kumtuliza maumivu tu, hapa au nyumbani. Mpwa akalia. Akasema tusimwambie shangazi, tumwambie ni mawe kwenye nyongo, asikate tamaa. Akaenda nje kupiga simu, mimi nikarudi kitandani na uji wangu.

Profesa akanisubiri nikae. Akasema mpwa wake anamwambia mawe. Wauguzi wanamwambia mawe. Akasema ana haki ya kujua imefika wapi, kwa sababu kama ni ile anayoifikiria, hataki kufia humu kwenye dripu, anataka arudi Maore leo, afungue dirisha lake, asikie maji. Na kama ni mawe kweli, atasubiri apasuliwe. Hawezi kuchagua bila kujua. Akasema wote hawa wanampenda, ndiyo maana hawamwambii.

"Wewe hunipendi," akasema. "Ulikuwa koridoni. Nipe kilichopo."

Nilikoroga uji. Sikuwa na haraka yoyote. Nilimwona mume wangu na mashavu yake, anauliza, Profesa, umeniona?

"Ni mawe, Profesa," nikasema. "Daktari amesema ni mawe tu. Utapona."

Akatafuta mkono wangu kwenye shuka, akaushika. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama Nakijwa. Nakuomba."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, kwa mtu yeyote, kwa miaka yote. Ningeweza kumwambia. Lilikuwa neno moja tu, na gari la mpwa wake la kumrudisha Maore lilikuwepo nje, na dirisha lake lipo, na mfereji unapita chini yake.

"Mungu ni mwema," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi."

Akanitazama muda mrefu kwa yale macho ya njano. Alijua. Alijua ninadanganya, alijua na kwa nini, lakini kilichopo chenyewe, ni ugonjwa gani na umefika wapi, hakuwa na njia ya kukipata.

"Hata wewe," akasema.

Nikautoa mkono wangu taratibu. Nikamvutia shuka mpaka kidevuni, nikamwambia apumzike, asiongee sana, wiki ijayo watampasua na atarudi nyumbani mzima.